Fungu la Mama

Iko kauli ipendwayo sana katika mitaa yetu ya Kigamboni, kuanzia Tungi na Vijibweni hata Kibada, Mjimwema na Gezaulole, isemayo kuwa mwanamke mwenye watoto hana haja ya mazoezi kwa sababu kazi zake mwenyewe zamtosha. Na kauli hiyo, ambayo mara nyingi hutoka vinywani mwa watu waliokwisha kula wakanawa mikono, imekaririwa kwa muda mrefu kiasi cha kuwa hata sisi tunaoambiwa tumeiamini, tukaona haya kutamka mbele ya jamaa kwamba tunataka nusu saa ya kutembea pasipo ndoo kichwani wala kikapu mkononi. Nataka kuitazama kauli hii kwa makini, kwa maana naiona kuwa ndiyo mlango wa dhuluma ndogo ndogo ambazo, zikijumlishwa kwa miaka, humfanya mwanamke wa makamo apande ngazi za nyumba ya mwanawe akihema.

Ni kweli kwamba mama wa Kigamboni hana siku ya uvivu. Huamka saa kumi za usiku, muadhini hajakohoa bado, akawasha jiko, akabandika maji ya chai na ya kuogea, akawaamsha watoto mmoja baada ya mwingine, akatafuta soksi iliyopotea, akasuka nywele zilizosahauliwa jana, na kabla jua halijapanda juu ya bahari amekwisha kufika kivukoni, amesimama bega kwa bega na makarani, wanafunzi, wachuuzi na baiskeli zenye matenga, akingoja geti lifunguliwe avuke kwenda Magogoni; au, ikiwa riziki yake iko upande huu wa maji, amekwisha kukaa nyuma ya genge lake la nyanya na vitunguu, ambako atakaa hata magharibi. Jioni hurejea, na jioni yake ni siku nyingine nzima. Lakini siku hiyo tukiipekua saa baada ya saa, tutaona kwamba sehemu yake kubwa hupita katika hali mbili tu, kuinama na kukaa: kuinama juu ya karai, juu ya jiko na juu ya ufagio, na kukaa kwenye daladala, kwenye kigoda cha genge, kwenye kiti cha ofisi au cha cherehani. Mgongo huchakaa, miguu huvimba, na moyo, ambao ni kiungo kinachotaka kusukumwa kidogo kila siku ili ukae na nguvu zake, haupati haki yake hata kidogo. Kuchoka na kuwa na siha ni mambo mawili mbalimbali, na yeyote aliyewahi kulala hoi pasipo kupata usingizi analijua hilo bila ya kuambiwa na tabibu.

Wala nisidhaniwe kuwa natamani zirudi enzi za bibi zetu. Kinu na mchi viliimarisha mikono, na safari ya kisimani iliimarisha miguu, lakini vilevile vilivunja viuno na kufupisha umri, na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeuacha mtungi wa gesi ili akatafute kuni kwa sababu ya kupunguza uzani. Bomba limekuja, mashine ya kusaga imekuja, bajaji na bodaboda zimekuja mpaka mlangoni, na kila kimoja katika hivyo ni neema. Ila neema hizo ziliondoa mwendo katika maisha yetu bila ya kuondoa mashaka, na nafasi iliyoachwa wazi na mwendo ilijazwa upesi na andazi, soda na sahani ya chipsi mayai.

Takwimu za nchi zinalishuhudia jambo hili pasipo kelele. Tafiti za kitaifa za demografia na afya, zifanywazo kila baada ya miaka kadhaa, zilikuta mwaka 2004-05 kwamba wanawake wapatao 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Mwaka 2010 walikuwa 22. Na mwaka 2015-16 wakawa 28. Na katika utafiti huo huo wa mwisho nilioutaja, wanawake wapatao 45 katika 100 walikutwa na upungufu wa damu. Mtu asiyezoea mambo ya lishe huenda akastaajabu: yawezekanaje kundi lile lile la watu liwe na mafuta mengi na damu kidogo? Jibu lake limo ndani ya sufuria. Sembe nyeupe iliyoondolewa pumba na kiini, wali, maandazi, chapati na sukari ya chai humpa mtu nguvu nyingi za kuchoma ambazo hazichomwi, na humnyima chuma, nyuzinyuzi na vitamini ambazo mwili unazitafuta. Na kwa kuwa mwili haukupata ulichokitafuta, husikia njaa tena muda si mrefu, ukapewa andazi jingine.

Taifa letu halikuwa kimya mintarafu ya mambo haya. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi wakaisikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayofuga mbu. Na baada yake, mwaka 1975, ikaja Chakula ni Uhai, kwa mtindo ule ule wa redio na vikundi, ikihubiri lishe. Mwaka ule wa 1973 ndipo ilipoundwa pia Taasisi ya Chakula na Lishe. Naziheshimu juhudi hizo kwa dhati, na laiti tungekuwa leo na nusu ya bidii ile. Hata hivyo elimu ya lishe, jana na leo, ina ada moja: hufundisha kipi kiliwe, na ni nadra sana kuuliza ndani ya nyumba nani huliwa fungu lake, nani hupakuliwa kwanza, na nani hubakiwa na nini.

Tuingie jikoni, basi, saa mbili za usiku, katika nyumba yoyote ya kawaida ya Kigamboni. Ugali umesongwa, mchicha umeungwa, na vibua vilivyonunuliwa asubuhi Feri, katika soko la samaki, vimekaangwa. Mama anapakua. Pande nono la katikati linakwenda katika sahani ya baba, ambayo hufunikwa kwa sahani nyingine na kuwekwa juu ya kabati, kwa maana mwenyewe hajarudi. Vipande vingine vinagawanywa juu ya sinia ya watoto, kwa uangalifu, miba ikitolewa kwa ncha za vidole katika kipande cha yule mdogo. Mkubwa analalamika kuwa mwenzake kapewa kikubwa, anaongezewa. Mgeni anabisha hodi, naye ni jamaa, anatengewa. Mama mwenyewe huketi wa mwisho, karibu na sufuria, na humo mna ukoko wa ugali na mchuzi uliobaki chini. Anakula huo. Kisha sinia ya watoto inarudi na matonge waliyoyaacha, na kwa kuwa kutupa chakula ni aibu na pengine ni dhambi, anayala nayo pia, akiwa amesimama, huku mkono wa pili ukiwa umeshika kikombe cha chai ya rangi yenye vijiko vya sukari visivyohesabiwa. Ukimwuliza kesho yake alikula nini, atakwambia kwa ukweli wa moyo wake kwamba hakula kitu. Na ukimtazama mwilini utamwona amenenepa, na jamaa watacheka, na waongo watasema anakula kwa kujificha.

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Mwanamke huyu hakukosa elimu. Kliniki alikwenda kwa mimba zote, akafundishwa makundi ya chakula kwa picha ukutani, na aweza kukusomea kama alivyofundishwa. Alichokikosa ni fungu: fungu lake katika chungu na fungu lake katika saa za mchana, lenye kujulikana na kuheshimiwa na watu wa nyumbani kama linavyojulikana fungu la baba juu ya kabati. Maadam halipo, nasaha zote juu ya siha yake zitamwongezea majuto tu, na majuto hayajapata kumponya mtu kisukari.

Na ajabu ni kwamba desturi zetu wenyewe za pwani zinalijua fungu hilo, na hulitoa kwa ukarimu mkubwa, ila kwa siku arobaini tu. Mwanamke ajifunguapo, nyumba yote hubadili mwelekeo wake. Mama yake au shangazi yake huja na kapu la nguo akahamia; mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hufungwa tumbo kwa kanga, huletewa uji wenye pilipili manga, supu ya kuku au ya samaki, na mboga iliyotiwa tui; hakatazwi kulala mchana, na akitaka kushika ufagio hunyang'anywa kwa ukali. Anapakuliwa kwanza. Baba mwenye nyumba hula baadaye, na wala hanung'uniki. Katika siku hizo arobaini jamaa wote hukiri, pasipo hotuba, kwamba mwili wa mama ndio msingi wa nyumba na kwamba ukianguka, vyote vimeanguka. Siku ya arobaini na moja wageni hufunga mizigo yao, maji ya moto hupoa, na mama hurudishwa kule kwenye sufuria, kana kwamba mwili ule uliokuwa amana umegeuka usiku mmoja kuwa chombo cha kutumika, ilhali bado ananyonyesha, na kunyonyesha peke yake humtaka ale zaidi kuliko alivyokula kabla ya mimba.

Sheria ya dola ni karimu zaidi kidogo kuliko desturi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo nafasi ya kwenda kunyonyesha isiyozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Na baba naye hupewa siku tatu, ambazo kwa maoni yangu zinatosha kununua kuku na kurudi. Lakini muuza genge, fundi cherehani, mkaanga mihogo wa kivukoni na mama lishe hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Kwao hata zile arobaini hupunguzwa, kwa kuwa genge likifungwa mwezi mzima wateja huhamia kwa jirani.

Mintarafu ya mwendo na mazoezi, kadhia ni ile ile kwa sura nyingine. Niliwahi kumshauri shoga yangu mmoja tuwe tunatembea jioni mpaka ufukweni, akanitazama kama mtu aliyetajiwa safari ya Ulaya. “Shoga, nitoke nikatembee tu?” akasema. “Nikiulizwa natoka wapi nitajibu nini?” Swali hilo halikuwa la mzaha. Mwanamke wa mitaani kwetu akitoka huwa anatoka kwa sababu: sokoni, hospitali, msibani, harusini, kazini, kisimani. Kutoka kwa ajili ya mwili wake mwenyewe ni kutoka pasipo sababu, na atokaye pasipo sababu hutafutiwa moja na majirani, tena si nzuri.

Zamani sababu ilikuwapo, na ilikuwa na ngoma. Wanawake wa Dar es Salaam wa miaka ya 1950 walikuwa na vyama vyao vya lelemama na ngoma nyinginezo, vyenye viongozi, sare, michango na siku maalumu za kukutana, nao walicheza kwa saa nyingi wakatoka jasho wakaimba na kucheka. Bibi Titi Mohamed mwenyewe alikuwa mwimbaji wa chama kiitwacho Bomba, na ulipofika mwaka 1955 na TANU, chama cha kupigania uhuru, ikataka wanawake, alipitia vyama hivyo hivyo vya ngoma kuwaendea akawapata kwa maelfu. Wanahistoria huvitaja kwa ajili ya siasa, nao wana haki. Mimi huvitaja pia kwa ajili ya mapafu na magoti. Mwanamke aliyekuwa na siku yake ya ngoma, ijulikanayo na mumewe na jirani zake, alikuwa na fungu la saa ambalo hakuna aliyeweza kulichukua bila ya kuulizwa na chama kizima.

Klabu za jogingi, ambazo siku hizi utaziona alfajiri za Jumamosi na Jumapili katika barabara za Temeke, Kinondoni na huku kwetu, zikikimbia kwa fulana za rangi moja na kuitikia nyimbo kama tulivyoitikia zile za mchakamchaka shuleni, naziona kuwa ni warithi halali wa vyama vile, ingawa wenyewe hawajui. Zina sare, michango, safari za kutembeleana na kuzikana. Na mwanamke aliyemo akiulizwa anatoka wapi, hujibu kwa kichwa kilichoinuka kuwa anatoka klabu. Serikali nayo ilitoa sababu yake: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi kwa wote. Mwaka huo huo, tarehe 19 Aprili, lilikuwa limefunguliwa Daraja la Nyerere kutoka Kurasini kuja kwetu, lenye urefu wa mita 680 na njia za waendao kwa miguu pande zote mbili. Na mimi husema, bila ya kutaka kuwaudhi wahandisi, kwamba hizo njia za miguu ndizo sehemu yake bora, kwa sababu jioni upepo wa mkondo ukivuma, kwenda na kurudi mara mbili au tatu kwa hatua za haraka kunamtosha mama kwa siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambazo zikigawanywa hazifiki nusu saa kwa siku, tena si lazima ziwe mfululizo. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani ni sehemu yake. Kuingia katikati ya rede na binti zako, ukakimbia mpira mpaka kanga ikakuponyoka, ni sehemu yake pia, na watoto watakuhadithia mwaka mzima.

Na chakula kizuri, ambacho watu wengi hudhani kimo katika maduka makubwa ya ng'ambo ya maji, kwa kweli kimetuzunguka hapa na si ghali. Kibua na dagaa ni samaki wa bei ya chini wenye mafuta ya manufaa; matembele huota nyuma ya choo pasipo kubembelezwa; maharage na kunde havijapata kumfilisi mtu; dona ni nafuu kwa mwili kuliko sembe, ingawa watoto huliinamia wiki ya kwanza kwa nyuso za msiba. Makosa yetu makubwa yamo katika mkono wa mpishi. Tunachemsha mchicha mpaka ulegee, tukaimwaga supu yake pamoja na nusu ya faida, hali kisamvu peke yake ndicho cha kupikwa kwa muda mrefu hivyo. Tunakunywa chai ya rangi juu ya chakula, nayo huuzuia mwili kuchukua chuma kilichomo katika mboga na maharage, wakati kamulio la ndimu juu ya mboga ile ile, au kipande cha papai baada yake, hukisaidia kuingia. Chai ingengoja saa moja tu. Tui kidogo katika mboga si adui, kwa sababu vitamini nyingine hazinyonywi pasipo mafuta. Adui ni yale mafuta ya kupima, ambayo huja yamefungwa katika kijimfuko na kumiminwa yote kikaangoni kwa kuwa mfuko ukishatobolewa haufungiki tena.

Yote hayo mama anaweza kuyafanya, na wengi wanayafanya. Asiloliweza ni kujikatia yeye mwenyewe fungu ambalo wenzake wote wa nyumbani wanaliona kuwa ni ziada. Ajipakuliapo kwanza huitwa mroho, akitoka kutembea huitwa mzururaji, akilala mchana huitwa mgonjwa. Na kwa sababu yeye ni mtu wa staha, huchagua jina la mama mwema, akarudi kwenye sufuria. Wanazuoni wa dini wamekuwa wakitukumbusha tangu zamani kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Nami naongeza kwamba mwili wa mama una haki hata juu ya wale wanaokula kwa mikono yake, nao ndio wanaodaiwa.

Kwa hiyo nasaha zangu za mwisho siwapi akina mama, ambao wamekwisha kupewa nyingi. Nawaelekea akina baba wa Kigamboni na vijana wao waliokwisha kufikia kimo cha kushika mwiko. Kesho usiku mpakulieni mama sahani yake mapema, na pande la samaki ndani yake, mkaifunike na kuiweka juu ya kabati pale pale inapokaa ya baba. Na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao baki wewe na watoto, uwapikie uji, uwaogeshe, naye aende darajani, na arudipo usimwulize alikuwa wapi.